Akiba ya Kuazima

Mwanasiti aliisikiliza sauti ya mwanawe mara tatu, na mara zote tatu vita vya nyuklia vilimkuta hana hata dumu moja la maji.

"Mama, asalam alekum," ilisema simu. "Huku serikali imetia kitabu kidogo kwenye sanduku la barua la kila mutu. Ni sérieux, si muchezo. Bomu ya nyuklia ikipigwa, mutu asitoke inje siku kumi. Ile pesa nilituma mwezi wa tisa, najua mumeshanunua kila kitu, lakini nataka nione na macho yangu. Maji, bidoni ishirini. Muchele, sukari, samaki ya mukebe. Shitingi ya kuziba madirisha, hata vumbi isipite. Kitambaa safi ya kufunga mudomo. Jumamosi munipigie picha, nipate kulala."

Mwanasiti akamrudishia simu binti yake Saliha, akaendelea kuchambua maharage. Maharage yenyewe yalikuwa nusu vijiwe, na nusu ya hiyo nusu ilikuwa na wadudu.

Khaled alikuwa akiosha mabasi huko Uswidi, mwaka wa tisa sasa bila kutia mguu Bujumbura. Kila mwaka alikuwa anakuja mwaka ujao. Kwanza zilikosekana karatasi. Karatasi zilipopatikana, ikakosekana tikiti. Tikiti ilipokaribia, bosi akakataa. Mama yake alikuwa ameacha kumuuliza. Si kwamba hakutaka kujua. Alichoka kumsikia akitafuta jibu.

Ile pesa ya akiba haikulala nyumbani hata usiku mmoja. Ilifika siku ambayo mumewe, Mzee Huseni, alikuwa hajakojoa tangu asubuhi ya jana yake, amekaa kitandani ameshika tumbo, jasho linamtoka na bado anakataa kuitwa mgonjwa. Hospitali ilitaka pesa mbele, ikapewa. Wakampasua tezi, akarudi na mpira na mfuko wa mkojo unaoning'inia pajani, na kidonda kikawa kizito kupona. Mtu aliyeendesha malori ya sementi miaka thelathini, kutoka maghala ya bandarini hadi Gitega, akibishana na kila askari wa barabarani, sasa hachungulii uani mpaka aulize kama kuna mgeni.

Alitoa amri moja tu, na aliitoa akiwa bado kwenye kitanda cha hospitali. "Khaled asijue. Mutoto gani anapigiwa simu kuambiwa habari ya mukojo ya baba yake?"

Majirani nao hawakuambiwa. Walichojua watu wa mtaa wao wa Buyenzi ni kwamba Mzee Huseni haonekani msikitini, na hiyo ilikuwa wiki ya sita.

"Mama, tumwambie tu kweli," alisema Saliha. Alikuwa na miaka thelathini na moja, ndoa imeshamrudisha nyumbani, na tangu arudi hakuwa na subira na uongo wa aina yoyote. "Pesa ilienda kwa daktari. Kuna haya gani hapo?"

"Na amu yake je?"

Saliha akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage naye. Amu huyo, ndugu wa baba yao, alimdanganya Khaled kuhusu kiwanja, mwaka wa nne huo, na tangu siku hiyo Khaled hajapokea simu yake. Hakumtukana wala hakumsema kwa watu. Alimfuta tu. Mwanasiti alikuwa akiliwaza jambo hilo kila akisikia simu inalia: pesa ya mwezi ingekatika, ndiyo, na bila ile pesa wasingefika mbali; lakini zaidi ya pesa, ingekatika ile sauti. Miaka tisa hakuwa na mtoto mwingine wa kiume ila sauti.

"Tutaazima," alisema. "Saa moja tu. Tunapanga, unapiga picha, tunarudisha."

"Bidoni ishirini, mama?"

"Hii avenue iko na nyumba ngapi?"

*

Kuazima dumu moja hakuna shida. Kuazima ishirini kunahitaji uso mgumu, na Mwanasiti uso wake ulikuwa umelainika kwa kuomba mambo mengine. Alianza Ijumaa baada ya sala, nyumba kwa nyumba, mawili hapa, matatu pale. Maji ya bomba yalikuwa hayajatoka siku ya nne, kwa hiyo madumu yote yalikuwa matupu, na watu waliyatoa bila kinyongo.

"Ya nini yote haya, Mama Khaled?" aliuliza mmoja.

"Mambo ya nyumbani tu."

Angesema nini? Kwamba anaandaa nyumba kwa bomu la nyuklia, yeye ambaye wiki iliyopita aliomba chumvi kwenye karatasi? Aliona ni afadhali wamdhanie lolote.

Kwa Shakuru mwenye duka alifika amechoka. Ilyasi, fundi wa magari aliyecheza mpira na Khaled utotoni, alikuwa amekaa juu ya kreti anakunywa Fanta. Mwanasiti alimsalimia, akaomba mita nne za bafta nyeupe. Kitambaa cha kufunga mdomo, alivyosema Khaled, kiwe safi.

Shakuru alizima redio. Alishusha jora, akalitandaza juu ya meza, halafu akamtazama Mwanasiti kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu deni la mwezi wa Ramadhani.

"Nne apana, Mama Khaled. Haitoshi. Chukua saba."

"Mi nne zinanitosha."

"Chukua saba," alisema taratibu, na mkasi ukapita. Mwanasiti alipofungua pindo la kitenge kutoa noti zake, Shakuru alimzuia mkono. "Apana. Hii silipishi mimi. Siku kama hii sichukui pesa."

Alishangaa, lakini maskini hamhoji mtu anayempa. Akapata na ujasiri. Akaomba kuazimwa gunia la mchele, katoni ya samaki wa mkebe, na kama ipo, sukari kidogo, virudishwe kesho vyote kama vilivyo. Sukari ilikuwa imeadimika mji mzima. Watu walikuwa wanaipangia foleni tangu alfajiri. Shakuru akainama chini ya meza, akatoa kilo tano alizokuwa amezificha, akaziweka juu ya gunia.

"Utarudisha ukimaliza," alisema. "Hata usiporudisha. Na wanaume mukihitaji, tuko hapa."

Ilyasi alisimama, akavua kofia, akabeba gunia lile mwenyewe mpaka mlangoni kwa Mwanasiti. Njia nzima hakusema neno. Mwanasiti aliingia ndani akimwambia Saliha kwamba watu wa zamani hawajaisha, na kwamba huyo Shakuru walikuwa wanamsema bure.

Iliyobaki ilikuwa shitingi. Aliyekuwa nayo ni Concilie, jirani wa nyuma ya ukuta. Huyu alihamia pale na watoto wake baada ya maji ya mafuriko kumfukuza Gatumba, na turubai lile la plastiki alilopewa na watu wa msaada ndilo lililokuwa nyumba yake miezi minane. Alilikunja akaliweka juu ya kabati, hakuwa amelifungua tena.

"Nitakurudishia kesho, Mama Régis," alisema Mwanasiti.

Concilie aliliteremsha, akalipangusa vumbi na upande wa sketi yake. Halafu akaushika mkono wa Mwanasiti akakaa nao muda. "Kaa nayo siku zote unahitaji," alisema. "Yoo, Mama Khaled. Imana itakusaidia, Mungu iko."

Mwanasiti akaona kwamba Wakristo nao, kumbe, wana huruma kwa mtu anayeazima.

*

Jumamosi asubuhi watu walitoka kwenye kazi za jumuiya, majembe begani, na kwa kuwa petroli haikuwepo hakuna aliyekwenda mbali. Avenue yote ilikuwa nyumbani, wamekaa vibarazani wanatazamana.

Saliha aliamka mapema. Shitingi ilikuwa bado na matope ya Gatumba, na isingefaa kuzibia dirisha kwenye picha ya kupeleka Ulaya. Akaiosha kwa maji ya sabuni yaliyobaki ya nguo, kisha, kwa kuwa ua ni mdogo, akaifunga pembe mbili kwenye paa na pembe mbili kwenye ukuta wa mbele ikauke. Ikatanda juu ya ua wote, ncha moja ikatokeza barabarani.

Ndani wakaanza kupanga. Madumu yakasimama safu mbili chini ya dirisha. Mchele, sukari juu yake, katoni ya samaki imegeuzwa maandishi yaonekane. Mwanasiti akakata vipande vitatu vya bafta, akakunja kilichobaki juu ya kiti. Akarudi nyuma akatazama, na kwa mara ya kwanza wiki ile akajisikia mwenye nyumba. Alijua si vyake. Hata hivyo alitamani picha ichelewe kidogo.

"Sogeza ile bidoni, haina kifuniko," alisema Saliha, simu mkononi.

Ndipo waliposikia mlango wa ua. Aliingia mwanamke wa kwanza na mkeka chini ya kwapa, kajifunika kanga mbili, akautandaza chini ya shitingi akakaa. Akafuata wa pili. Wa tatu alikuja na sufuria kubwa ya msikitini, wa nne na kuni. Nje wanaume walikuwa wanapanga mabenchi kando ya barabara. Mwanasiti alidhani wamekuja kudai madumu yao, akatoka haraka na maneno ya kuomba saa moja zaidi.

Concilie alimwahi mlangoni, akamkumbatia, machozi yakamlowesha bega. "Pole, Mama Khaled. Pole sana. Amekwenda mutu muzuri."

"Nani amekwenda?"

Wanawake wakatazamana. Kwa watu wa Buyenzi aliyefiwa haulizwi. Kumuuliza ni kumlazimisha alitamke, na hakuna mwenye roho hiyo. Anachoomba anapewa, madumu, mchele, sanda, kisha watu wanakaa kimya kusubiri shitingi ifungwe. Shitingi ikifungwa, wanakwenda. Na shitingi ilikuwa imefungwa tangu saa tatu asubuhi, kwenye nyumba ambayo mwanamume wake hajaonekana wiki sita.

Mwanasiti aliitazama ile plastiki juu ya kichwa chake, akavitazama vichwa vilivyoinama. Alijua sasa bafta ya mita saba ilikuwa ya nini.

"Apana," alisema. "Apana, jamani. Baba Khaled iko muzima."

Walimsikia kama anavyosikilizwa mtu aliyepigwa na msiba. Mmoja alimshika kiuno amkalishe. Huko barabarani sauti ya Shakuru ilikuwa inauliza kama wachimba kaburi wameshapewa chai. Na hapo pazia la chumbani likafunguka, Mzee Huseni akatoka.

Alikuwa amesikia sauti nyingi, akadhani ni wanajeshi au moto. Hakukumbuka kuuliza kama kuna mgeni. Alisimama kizingitini na fulana yake, kikoi kimepanda upande mmoja, na chini ya kikoi ule mfuko ulikuwa umejaa nusu, wa manjano, unaonekana na watu arobaini. Mwanamke mmoja alipiga shahada. Watoto wa Concilie wakacheka kwa hofu. Wengine wote walimtazama mzee usoni, kisha macho yao yakashuka yenyewe.

"Nani amekufa?" aliuliza Huseni.

Saliha alimkimbilia akamfunika na kanga yake kiunoni, na yule mzee akamwacha afanye, mikono imening'inia. Mwanasiti aliona aibu iliyompanda mumewe usoni, akajichukia yeye, na madumu, na Uswidi nzima na kitabu chake.

Shakuru alikuwa wa kwanza kupata akili. Aliingia, akapiga goti mbele ya Huseni, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi, muzee. Tulikuja kukusalimia. Tumechelewa tu."

"Na mikeka?" alisema Huseni.

"Na mikeka. Kaa, tunywe chai."

Akakaa, kwa kuwa kurudi chumbani kungekuwa kubaya zaidi. Sukari ile ya kuazima ikafunguliwa na wenyewe. Wakanywa chai chini ya shitingi, na kidogo kidogo wazee wawili wakaanza kumweleza Huseni, kwa sauti ya chini, habari za mipira waliyowahi kuvaa wao. Mmoja alivaa miezi minne. Hakumwambia hata mkewe jina la ugonjwa.

*

Simu ya Saliha ililia saa sita kasoro. Aliitazama, akampa mama yake. Nje, Ilyasi alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Tangu asubuhi alikuwa ameshaandika kwenye kikundi cha watoto wa Buyenzi walio ng'ambo: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Mzee Huseni. Alikuwa amefuta, lakini amefuta kwa kuchelewa.

Mwanasiti aliingia ndani na simu, akasimama kati ya madumu.

"Mama," alisema Khaled, halafu akalia tu. "Wamekwisha kumuzika?"

"Khaled..."

"Nisamehe, mama. Acha niseme. Kila mwaka nasema mwaka ujao, kila mwaka, na baba anasema tu aya, inshallah. Safari hii nimekwenda kwa bosi nimesimama mbele yake. Wamenipa wiki mbili. Kwa msiba wa muzazi wanatoa, ni sheria yao. Rafiki yangu anakata billet ya ndege, anasubiri nimwambie tu. Jumatano saa nane muchana niko Bujumbura. Najua sitamukuta. Lakini hitima nitaikuta, na we nitakukuta. Mama? Uko?"

Mwanasiti alikuwepo. Alikuwa anahesabu: Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kupitia mlango alimwona Huseni kwenye mkeka, kikombe mkononi, anamsikiliza mzee mwenzake. Hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa anyamaze tu, siku tatu, basi, na yule mtoto angeshuka kwenye ndege na miguu yake, angeingia kwa mlango ule. Angekasirika, na akasirike. Angekuwa amekasirika hapahapa nyumbani. Alilitaka jambo lile kwa mwili mzima, mpaka akashika ukuta.

Lakini Khaled alianza tena kulia, kilio kilekile cha utotoni alipokuwa akiumwa sikio, cha kujizuia na kushindwa, na hakuwa na mtu huko wa kumshika. Hilo Mwanasiti hakuliweza.

"Nyamaza, mwanangu. Baba yako iko muzima. Iko hapa mbele yangu anakunywa chai."

Akamwambia yote. Hospitali, mpira, ile pesa, madumu ya watu, bafta, shitingi. Alisema haraka, bila kujitetea, kama mtu anayetapika ili apate nafuu. Alipomaliza, upande wa pili ulikuwa kimya sana hata akadhani ndiyo hivyo, amefutwa.

"Mi nilituma hiyo pesa ili musife," alisema Khaled mwishowe.

"Na hatukufa."

Alimsikia akivuta kamasi, labda akicheka kidogo. "Mungeniambia, mama. Mi si mutoto."

"Tungekuambia. Baba yako alikataza." Kisha, kwa sauti aliyotaka iwe nyepesi: "Na Jumatano je?"

"Ile congé walinipa ni ya msiba, mama. Wanataka karatasi ya kifo. Bila hiyo nikikosa kazini hata siku mbili..." Hakumaliza. "Nimwambie rafiki asikate billet. Lakini mwaka ujao, wallahi, mwaka ujao."

"Inshallah."

"Pesa ya mwezi nitatuma kama kawaida. Na maji muniwekee hata bidoni tano, mama. Za kweli. Nipe baba."

Huseni aliipokea simu palepale mkekani, mbele za watu, akaongea nayo kama wanavyoongea madereva, kwa maneno machache na sauti kubwa. Eh. Niko vizuri. Apana, haiumi. We jiangalie na hiyo bomu yenu. Aya. Aya, mwanangu.

*

Jioni shitingi ilishuka. Saliha alizunguka na madumu mpaka akamaliza ishirini, na kwa Shakuru walirudisha mchele, katoni na bafta iliyobaki. Sukari alikataa kuisikia. Concilie alikunja turubai lake, safi kuliko lilivyokuja, akaondoka akijifuta macho na kujicheka.

Mzee Huseni alikuwa bado uani, amebaki na kiti chake. Siku ile hakuharakisha kurudi ndani. Mwanasiti alileta beseni, akachuchumaa, akaufungua mfuko kumwaga, kama alivyofanya kila jioni kwa wiki sita wakiwa wamefunga mlango.

"Watu wanasema Khaled alikuwa anakuja," alisema Huseni.

"Jumatano."

"Walimpa ruhusa?"

"Wiki mbili. Ya msiba."

Huseni alitazama mlango wa ua. Nje Ilyasi alikuwa anasaidia kurudisha mabenchi ya msikiti, moja moja, akipita bila kuinua macho.

"Na we ukamwambia niko muzima."

"Alikuwa analia, Baba Khaled. Ningemwambia nini?"

Huseni alishusha kikoi juu ya goti, akakinyoosha kwa kiganja, akarudia kukinyoosha pale palipokwisha kunyooka.

"Ungemwacha aje," alisema. "Angenikuta."